Alama za Feza

Wiki iliyopita nilikuwa nasubiri zamu yangu kwenye kituo cha afya, hapa hapa Kalemie, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akamgeuza mtoto wake kifudifudi, akafungua kopo, akampaka pudra shingoni. Harufu ikanijia usoni. Watu wengine wakisikia harufu ya pudra huwaza watoto wachanga. Mimi huwaza kiwanja cha shule, jua la kiangazi, na mikono ya mama yangu ikinimwagia ule unga mweupe kichwani mpaka nikapiga chafya, kwa sababu nimekuwa wa kwanza darasani.

Ninyi wa rika langu mnaijua siku ya proklamasio. Wazazi wamesimama uani na nguo za Jumapili, Prefe, yaani mkuu wa shule, anasoma majina kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na mtoto aliyefaulu anaogeshwa pudra mpaka hata nyusi hazionekani. Nilitembea mjini na pudra yangu mpaka magharibi. Sikutaka kunawa. Ningejua, ningenawa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wa kwanza wa sekondari. Karibu na parokia yetu palikuwa na chumba chenye kompyuta tatu za zamani, sisi tuliziita ordinatere, na mwenye chumba alikuwa Papa Silvestre. Miaka mingi alikuwa amepiga taipu katika biro moja mjini, yaani ofisi, mpaka biro ikafungwa na vidole vyake viwili vikagoma kukunjika. Alimfundisha mtoto yeyote aliyekubali kunawa mikono mlangoni. Chumba kilinuka vumbi lililopata moto, esansi, yaani petroli, ya jenereta, na sabuni yetu. Umeme ulikuja saa chache tu, kwa hiyo programu zetu tuliziandika kwanza kwa penseli, kreyo, kwenye madaftari yetu, kaye kama tulivyoyaita, na umeme ukirudi tulikimbia kuziingiza kwenye mashine kabla haujaondoka tena.

Nilikuwa mtoto wa kuogopa kugombezwa. Mama yangu alikuwa na sauti ya sokoni, na akikukaripia hata watu wa barabara ya pili walijua umevunja nini. Sasa mashine ile nayo ilikuwa na tabia hiyo hiyo. Nikikosea, ilitoa mistari ya maneno mekundu kwa Kiingereza, lugha ambayo pale aliijua Papa Silvestre peke yake, naye kwa kubabaisha. Niliamini inanitukana. Sisemi kwa mfano, niliamini kweli. Nilidhani aliyeitengeneza, huko kwao mbali, alikuwa ameandaa matusi mapema kwa ajili ya watoto wajinga, na kwamba kadiri mistari ilivyokuwa mirefu ndivyo ujinga wangu ulivyokuwa mkubwa. Maneno mekundu yakitokea, niliifunika skrini kwa kaye yangu ili wenzangu wasione, nikafuta kila kitu na kuanza upya. Hata siku moja sikuwahi kuyasoma.

Mwaka ule nilijitungia programu ya kuhesabu alama. Unaandika jina la mwanafunzi, unaandika alama zake za kila somo, nayo inazijumlisha, inatoa asilimia, kisha inapanga darasa zima kuanzia juu mpaka chini. Nilipata shida nayo majuma kadhaa, kwa sababu kila nilipoijaribu ilifika mahali ikasimama na kutapika maneno mekundu. Halafu siku moja, katika kitabu kinene cha Kifaransa cha Papa Silvestre, nilikuta ukurasa unaoeleza jinsi ya kuiambia mashine: jaribu kufanya hili, ukishindwa, fanya lile. Moyo wangu uliruka. Nikaandika mstari wangu mpya, na maana yake ilikuwa hivi: jaribu kusoma alama, ukishindwa, weka zero, endelea na safari.

Tangu hapo maneno mekundu hayakuonekana tena. Programu ilikimbia toka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Papa Silvestre aliitazama, akapiga makofi mara tatu kwa mikono yake migumu.

"Huyu mutoto," aliwaambia wengine, "ameifunga ordinatere kamba."

Habari zilimfikia Profe Kalunga, mwalimu msimamizi wa darasa letu. Kila mwisho wa mwaka alikesha na karatasi akijumlisha alama za watoto hamsini, na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Alikuja parokiani na rejista kubwa kwapani, akaketi kando yangu, akasoma, mimi nikaandika. Ilituchukua alasiri mbili.

Alipofika kwa Feza nilitabasamu, kwa maana Feza alikuwa mwenzangu wa benchi tangu darasa la kwanza la shule ya msingi. Baba yake, mfanyabiashara wa samaki, alitoka kaskazini mwa ziwa, Ubembeni, akahamia Kalemie Feza akiwa mgongoni. Mwaka ule malaria ilimlaza Feza wakati wa mitihani. Aliporudi alipewa mitihani mingine, na Profe akachukua alama za muhula na alama za mitihani hiyo, akazigawa kwa mbili. Ndiyo sababu alama zake nyingi zilikuwa na nusu.

"Saba na nusu," Profe alisoma. "Tano na nusu. Sita. Nane na nusu."

Nikaandika saba, mkato, tano. Tano, mkato, tano. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuandika nusu tangu utotoni, kwa mkato, virgile kama tunavyosema. Mashine ilipokea zote kimya. Wachache wengine walikuwa na nusu moja moja, hasa katika Kifaransa, ambako mwalimu alikuwa na mkono mgumu. Zangu zote zilikuwa namba kamili.

Siku ya proklamasio Prefe alisimama mbele ya wazazi, akainua karatasi juu ili waione.

"Mwaka huu hakuna muntu wa kulalamika," alisema. "Ordinatere njo imehesabu. Yenyewe haina ndugu."

Wazazi wakacheka, wakapiga makofi. Akasoma jina langu, la kwanza kabisa. Mama akapiga vigelegele, pudra ikanifunika, na kwa muda sikuona wala kusikia chochote. Nilipofuta macho, majina yalikuwa yamefika chini. Jina la Feza lilisomwa la mwisho. Asilimia ishirini na tano. Feza hakulia. Alimtazama Prefe kama mtu aliyesikia jina la mtu mwingine, akaanza kusema kitu, lakini baba yake alikuwa tayari amemshika mkono na kumtoa uani.

Nikiwaza leo, kinachonishangaza ni jinsi kila mmoja wetu alivyopata haraka sababu yake ya kuiamini namba ile. Profe Kalunga alitikisa kichwa, akasema, "Malaria imemuharibia mwaka." Mama yangu alisema ni kazi za samaki, mtoto hapati muda wa kusoma. Mimi nilikuwa na sababu ya kitoto kuliko zote. Nilifikiri mashine imeona kitu ndani ya Feza ambacho sisi hatukukiona, kama vile daktari anavyoona mfupa uliovunjika ndani ya mkono mzima. Nilimwonea huruma. Nilijiuliza tangu lini alikuwa mjinga bila mimi kujua.

Siku nyingi zilipita bila Feza kutokea barabarani. Mwishowe mama akaniambia, "Nenda umusalimie mwenzako. Kufaulu siyo kusahau bantu."

Nilimkuta nyuma ya nyumba yao, upande wa ufukwe, anatandaza ndakala, wale samaki wadogo, kwenye wavu wakauke. Hakuniangalia.

"Jumamosi ninaenda Niemba," alisema. "Kwa shangazi. Baba anasema nitalima mihogo, masomo yamenishinda."

"Pole."

"Usinipe pole. Mi sikuanguka. Profe alinionyesha kopi zangu zote za mitihani. Ninazijua pointi zangu kwa kichwa."

"Feza, ordinatere haikosei."

Akaacha samaki, akafuta mkono kwenye kitenge chake, akainama na kuanza kuandika mchangani kwa kidole. Masomo kumi na mawili, kila moja alama kati ya kumi. Sita, tano, saba, sita, sita. Kisha alama saba zenye nusu. "Hesabu," akasema.

Nikahesabu. Nikapata sabini na nne na nusu kati ya mia na ishirini, kama asilimia sitini na mbili. Nilihesabu mara ya pili, nikapata ile ile. Mara ya tatu nilianza chini kwenda juu, kwa sababu nilikuwa na uhakika kosa liko kwenye vidole vyangu. Ikawa ile ile. Nanyi mtanicheka, lakini nilichokisikia ndani yangu kilikuwa hasira. Nilimkasirikia Feza. Nilimwambia labda amesahau pointi zake, nikaondoka bila kumuaga.

Njiani hasira iliisha. Alama zile alizoandika mchangani nilikuwa nimezisikia zote, kwa sauti ya Profe, na nilikuwa nimeziandika kwa mikono yangu mwenyewe.

Ingawa nilijua ukweli huo, ilinichukua siku tatu kwenda kwa Papa Silvestre. Siku tatu nilijisemea kwamba nikikaa kimya namba zitajipanga zenyewe. Jumamosi asubuhi nikaona pikipiki imesimama mbele ya nyumba ya akina Feza, mfuko wa nguo umefungwa nyuma kwa mpira, na Feza amekaa katikati, kati ya dereva na mjomba wake, amevaa sweta ya shule. Ilipopita karibu nami aligeuza uso upande wa ziwa. Hapo ndipo nikakimbia kwenda parokiani.

Chumba kilikuwa na giza kidogo, umeme haukuwapo na jenereta haikuwa na esansi. Papa Silvestre alikuwa anafagia. Nilimweleza huku nahema, naruka maneno, nikamwandikia alama zote za Feza kwenye karatasi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaegemeza ufagio ukutani.

"Kuran haiko," alisema, maana yake umeme. "Leta kaye yako."

"Papa, bila mashini nitaonaje kosa?"

"Leo wewe njo mashini. Keti." Akanipa kreyo. "Nitakupa alama za mwenzako. Fanya ile uliandika. Usifanye ile ulitaka kuandika. Ile uliandika tu."

Tukaanza. Alinipa jina, nikaliandika. Akanipa sita, nikafuata mistari yangu mmoja baada ya mwingine, nikaongeza sita kwenye jumla. Akanipa tano, nikaongeza. Nikaanza kuona kwamba programu yangu ni nzuri na kwamba kosa, kama liko, ni la Profe. Kisha akasema, "Saba virgile tano."

Nikataka kuongeza saba na nusu. Akaweka kidole chake kigumu juu ya karatasi.

"Ngoja. Wewe unajua virgile ni nini. Mashini yenyewe inajua?"

Nikainua kreyo kutoka kwenye karatasi.

"Walioitengeneza hawaandikaki nusu na virgile. Wao wanaandika na nukta, chini. Virgile kwao ni kama uniandikie kuku katikati ya namba. Sasa mashini imeona saba, imeona kuku, imeona tano. Inafanya nini?"

"Inashindwa," nikasema.

"Mustari unaofuata unasema nini?"

Niliusoma. Ulikuwa mwandiko wangu, mzuri, wenye mviringo, maana siku ile nilikuwa na furaha. Nikamwonyesha kwa kreyo. Ukishindwa, weka zero, endelea.

Nikaandika zero. Akanipa tano na nusu, nikaandika zero. Sita na nusu, zero. Hakuacha, alinipitisha katika zote saba, na kila moja nilipaswa kuiandika kwa mkono wangu. Tulipofika mwisho ilikuwa thelathini kati ya mia na ishirini. Asilimia ishirini na tano kamili.

"Juu ya nini uliweka huu mustari?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali, na hilo lilinifanya nilie.

"Sikutaka maneno mekundu, Papa. Yananitukana."

Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwa nini mwaka mzima kaye yangu ilikuwa inakaa juu ya skrini.

"Mama," aliniambia, kwa jina lile la heshima ambalo wazee hupenda kumpa mtoto wa kike anayelia, "siyo matusi. Yale maneno yanasema: nimefika mustari fulani, nimekuta kitu sikielewi, kuja uangalie. Mashini ilikuwa inakuita. Wewe ukaifunga mudomo." Akafuta vumbi kwenye kioo cha saa yake, ingawa hakikuwa na vumbi. "Na mimi niliona inakimbia bila kusimama hata mara moja, nikapiga makofi. Muntu mukubwa kama mimi. Twende kwa Prefe."

Prefe alikuwa bado anakuja shuleni asubuhi kumalizia karatasi za mwaka. Alitusikiliza akiwa amesimama. Uso wake ulibadilika polepole.

"Munataka nirudi mbele ya wazazi," alisema, "niwaambie nini? Kwamba mutoto alinidanganya?"

"Useme ni mimi," Papa Silvestre alijibu. "Chumba ni changu."

"Ni mimi," nikasema. "Mustari niliuandika mimi. Papa hakuujua."

Prefe akaketi. Akafunua rejista, akatoa kalamu, akamwita Profe Kalunga, na watu wazima wale watatu wakaanza kujumlisha darasa zima upya, kwa mkono, mtoto mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwasomea. Walimaliza jua limeshapinda. Watoto kadhaa walikuwa wamepoteza alama tano au sita katika Kifaransa na hakuna aliyegundua. Feza alikuwa wa sita. Mimi nilikuwa wa nne.

Prefe alinyoosha mkono, nikaitoa ndani ya kaye buleti yangu, ile karatasi ya matokeo, nikamrudishia. Akaikata nafasi ya kwanza kwa mstari, akaandika upya nafasi yangu na kutia sahihi. Nilidhani kitu hicho kitaniuma zaidi, lakini mawazo yangu yalikuwa barabarani, kwenye pikipiki.

Tulimkuta baba yake Feza pwani, anapakua makarai ya samaki kutoka mtumbwini. Papa Silvestre alimpa buleti mpya ya Feza, aliyoiandika Prefe, na kumweleza kwa maneno machache. Mimi nikaongeza yangu, kwamba kosa ni langu. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na asiye na haraka. Aliisoma karatasi, akaisoma tena, mikono yake ikiacha alama za maji pembeni.

"Kila asubuhi aliniambia, Baba, mi nilifaulu," alisema. Hakuwa anatuambia sisi. "Nami nilimujibu, ordinatere itakuchukia juu ya nini? Kisha sikumusemesha tena. Siku zote hizi. Hata leo asubuhi, akipanda pikipiki, sikumusemesha."

Akakunja buleti, akaiweka ndani ya kofia yake, akavaa kofia. Makarai aliyaacha pale pale mikononi mwa wenzake. Alfajiri iliyofuata alikwenda Niemba mwenyewe.

Walirudi baada ya siku mbili. Mama yangu ndiye aliyenipa habari, na safari hii hakunituma. Nilikwenda mwenyewe, polepole, nikirudia moyoni maelezo yangu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: nitamwambia habari ya mkato na nukta, habari ya mstari, na jinsi mashine isivyoweza kujua.

Feza alikuwa uani, anafungua mfuko wake wa nguo. Nyusi zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi la njia. Nikamsalimia, akaitikia. Nikaanza habari ya mkato. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sikuwa nimekipangia jibu.

"Wewe njo uliandika pointi zangu. Profe alisoma, wewe ukaandika, moja moja. Ulisikia saba na nusu. Ulisikia nane na nusu. Kisha ukaona Feza wa mwisho. Haukushangaa?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kurudi kwenye nukta.

"Nilishangaa," nikasema. "Kidogo."

"Halafu?"

"Halafu nikaona jina langu liko juu."

Alinitazama usoni. Ndani ya nyumba baba yake alikuwa anakohoa, na kwa majirani mtu alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Nilingoja anifukuze. Feza akainama, akatoa ndani ya ule mfuko wa nguo blanketi aliyotoka nayo Niemba, ikiwa imejaa vumbi, akaikunjua, akanitupia ncha moja.

"Shika upande huo," alisema.

Nikashika. Tukaikung'uta, mara moja, mara mbili, vumbi likatuingia sote machoni. Hakutabasamu. Lakini tulipoanza kuikunja, na kila mkunjo ukitaka mmoja wetu asogee karibu na mwenzake, yeye ndiye aliyesogea kwanza.